Migomba yetu ni ya ukoo mmoja: kwa nini ugonjwa wa jirani ni wako pia

Ukitembea vijiji vya Ngara, kuanzia Kabanga hadi Rulenge, au ukishuka Biharamulo kupitia Lusahunga na Nyakahura, ni nadra kuikuta nyumba isiyo na mgomba nyuma yake. Upo mgomba wa kupika, wa pombe, wa kuchoma na wa kuivisha. Kila mmoja una jina lake, na mama mwenye shamba huutambua hata kabla haujatoa mkungu.

Wasikilizaji wengi huuliza swali hili: ikiwa tuna aina nyingi hivyo, kwa nini mnyauko ukiingia shambani hauchagui? Kwa nini huanza kwenye mgomba mmoja, kisha ukakuta shina la pili, la tatu, hata shamba zima? Jibu limo ndani ya mgomba wenyewe: umetoka wapi, unazaliwaje, na una undugu gani na migomba mingine. Makala hii inaeleza hayo, kisha inaeleza la kufanya shambani.

Mgomba si mti

Tumezoea kusema mti wa ndizi, lakini mgomba hauna mbao hata kidogo. Kile tunachokiita shina ni makuti ya majani yaliyokumbatiana, moja ndani ya jingine. Ndiyo maana panga moja kali linaweza kuukata mgomba wote, na ndiyo maana magome yake huchanika nyuzi nyuzi ukiyavuta. Wataalamu wa mimea huuweka mgomba kwenye kundi la majani makubwa, sawa na tangawizi, wala si kundi la miti.

Shina la kweli liko chini ya ardhi. Ni lile tunguu nene linalotoa mizizi kwa chini na machipukizi kwa pembeni. Mgomba ukikomaa, ua huanzia kwenye tunguu, hupanda katikati ya majani hadi juu, kisha huinama. Maua ya kwanza kufunguka ni ya kike, na hayo ndiyo yanayokuwa chana za ndizi. Yanayobaki mwishoni, ndani ya lile fumba jekundu linaloning'inia, ni ya kiume. Hayazai ndizi. Tulikumbuke fumba hili, maana tutalirudia.

Shina likishazaa mkungu, limemaliza kazi yake na hufa. Machipukizi ndiyo yanayoendelea. Hivyo shina lina umri mfupi, lakini kitalu cha mgomba mmoja kinaweza kukaa mahali pale pale miaka mingi, babu akala, na mjukuu akala.

Ukoo wa Musa

Katika elimu ya mimea, migomba yote iko kwenye jenasi moja inayoitwa Musa. Jenasi ni kama ukoo: ndani yake mna spishi, yaani familia mbalimbali zenye undugu. Jina hilo lilitumiwa na mtaalamu wa Sweden, Carl Linnaeus, katika kitabu chake cha mwaka 1753. Wapo wanaosema alimkumbuka Antonius Musa, tabibu wa mfalme Augustus wa Roma, na wapo wanaosema limetokana na neno la Kiarabu mauz, yaani ndizi.

Spishi za ukoo huu ni zaidi ya 60, na nyingi zao bado ziko porini katika Asia ya Kusini na Kusini-Mashariki, kuanzia India hadi visiwa vya Papua New Guinea. Si zote zinazoliwa. Musa textilis ya Ufilipino hulimwa kwa ajili ya nyuzi za kamba na karatasi ngumu. Musa velutina yenye vindizi vya rangi ya waridi hupandwa kama pambo la bustani.

Karibu ndizi zote tunazokula zimetokana na spishi mbili tu. Ya kwanza ni Musa acuminata, na ya pili ni Musa balbisiana. Mtaalamu wa Italia, Luigi Colla, ndiye aliyezipa majina hayo mwaka 1820. Mwaka 1955 wataalamu Norman Simmonds na Kenneth Shepherd walionyesha kwamba ndizi zinazoliwa zimezaliwa na spishi hizo, ama acuminata peke yake, ama acuminata iliyochanganyika na balbisiana. Tangu hapo wataalamu hutumia herufi A kwa upande wa acuminata na B kwa upande wa balbisiana.

Kwa hesabu hiyo, ndizi zetu za kupika na ndizi za pombe za nyanda za juu ni AAA. Kanana, ile ndogo tamu, ni AB. Gonja na mkono wa tembo ni AAB. Bokoboko ni ABB, na vivyo hivyo kainja, ile ngumu ya pombe ambayo Waganda huiita kayinja.

Mgomba una ndugu mwingine hapa hapa Afrika, lakini yeye ni wa jenasi nyingine inayoitwa Ensete. Ndio mgomba mwitu wenye tumbo nene, usiotoa machipukizi, na tunda lake limejaa mbegu nyeusi ngumu. Sisi hatuli tunda lake. Huko kusini mwa Ethiopia, mamilioni ya watu hulima ensete na kula tunguu na shina lake kama chakula cha kila siku. Tutaona baadaye kwamba ndugu huyu anaingia kwenye habari ya mnyauko.

Mbegu zilikwenda wapi?

Katakata ndizi mbivu uangalie katikati. Utaona vidoa vidogo vyeusi. Hayo ni mabaki ya mbegu ambazo hazikukua. Ndizi ya porini ya Asia ina mbegu ngumu kama punje za kokoto, na nyama yake ni kidogo mno. Wakulima wa kale huko Asia walichagua mgomba mmoja mmoja uliozaa ndizi zenye nyama na zisizo na mbegu, wakapanda machipukizi yake.

Mgomba wetu wa AAA una seti 3 za kromosomu, kila seti kromosomu 11, jumla 33. Mmea hugawa seti zake mara mbili ili kutengeneza mbegu. Seti 2 zinagawika, seti 3 hazigawiki sawasawa. Matokeo yake ndizi inanenepa bila mbegu. Kwetu walaji hiyo ni neema, lakini ina gharama yake.

Mahindi na maharage hupandwa kwa mbegu, na kila mbegu ina baba na mama. Watoto hutofautiana, mmoja akistahimili jua, mwingine akistahimili ugonjwa. Chipukizi la mgomba halina baba. Ni mgomba ule ule umehamia shimo jingine. Ukipanda machipukizi 100 kutoka kwa mgomba mmoja, hujapata migomba 100 tofauti. Umepata mgomba mmoja umesimama mara 100.

Majina mengi, damu moja

Ndizi za kupika na za pombe za eneo la maziwa makuu, yaani Kagera, Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, zina majina mengi sana. Mkungu huu umesimama, ule umelala. Ndizi hii fupi nene, ile ndefu. Hii ina maji matamu, ile ni chungu na inafaa kwa pombe. Mkulima anayezitenganisha hakosei, na elimu hiyo imejengwa kwa vizazi.

Hata hivyo, wataalamu walipochunguza vinasaba vyake walikuta kwamba karibu zote ni za damu moja. Zimetokana na mgomba mmoja wa kale au michache mno, kisha mabadiliko madogo yakajitokeza kwenye machipukizi kwa miaka mingi, na wakulima wakayachagua na kuyapa majina. Kwa sura ni wengi, kwa ndani ni pacha.

Hapa ndipo jibu la swali letu lilipo. Ugonjwa unaoweza kuuua mgomba mmoja wa ukoo huo unaweza kuuua mwingine. Mmea usiozaa kwa mbegu hauna njia rahisi ya kupata mtoto aliye tofauti na mama yake. Usitarajie shamba la migomba lijizoeshe ugonjwa lenyewe, hata ukisubiri miaka 20.

Mnyauko ulivyofika Kagera

Ugonjwa tunaouzungumzia ni mnyauko bakteria. Husababishwa na kidudu kisichoonekana kwa macho, kinachoitwa Xanthomonas. Kilitambuliwa Ethiopia mwaka 1968, na hakikuwa kwenye ndizi. Kilikuwa kwenye ensete, yule ndugu wa mgomba. Mwaka 1974 kilionekana kwenye migomba ya huko huko Ethiopia.

Mwaka 2001 kiliripotiwa Uganda, na mwaka huo huo Masisi, Kivu ya Kaskazini, nchini Kongo. Rwanda ilifuata mwaka 2005. Mwaka 2006 kilithibitishwa Tanzania, hapa hapa Kagera, katika wilaya ya Muleba. Burundi iliripoti mwaka 2010. Tazama ramani kichwani: Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, na Biharamulo iko jirani na Muleba. Wilaya zetu mbili ziko katikati ya njia zote hizo.

Mnyauko una njia nne kuu za kusafiri.

Ya kwanza ni panga na kisu. Ukikata mgomba mgonjwa, utomvu wenye bakteria hubaki kwenye chuma. Ukigusa mgomba mzima kwa panga hilo, umeupanda ugonjwa kwa mkono wako.

Ya pili ni wadudu. Nyuki, nzi na wengine hufuata asali ya maua ya kiume. Kila ganda la fumba linapodondoka huacha kidonda kibichi. Mdudu aliyetoka kwenye fumba gonjwa huacha bakteria hapo. Kainja hushambuliwa sana kwa njia hii, kwa sababu maganda na maua yake hudondoka na kuacha vidonda vingi.

Ya tatu ni machipukizi. Mche unaweza kuonekana mzima huku tayari una bakteria ndani. Dalili huchukua wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, kabla ya kujitokeza.

Ya nne ni biashara na mifugo. Mchuuzi anayejikatia mikungu kwenye mashamba matano kwa kisu kimoja, mizigo iliyofunikwa kwa majani ya mgomba uliougua, mbuzi anayetafuna shina gonjwa kisha shina zima: wote hao hubeba ugonjwa bila kujua.

Dalili zake, na usizichanganye

Majani huanza kuwa ya njano na kulegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto, kisha hukauka. Fumba la kiume hunyauka na kusinyaa. Ndizi huiva kabla ya wakati na bila mpangilio, moja ya njano, ya pembeni yake bado kijani. Ukiikata ndizi, ndani utaona madoa ya rangi ya kutu au nyeusi. Ukikata shina au kikonyo cha mkungu na kusubiri kama dakika 5 hadi 15, utaona usaha wa rangi ya maziwa au njano ukitoka. Usaha huo ndio ushahidi mkubwa.

Bakteria huyu hamuambukizi mwanadamu. Hasara ni ya chakula na fedha, kwa kuwa ndizi iliyougua haipikiki, na hata pombe yake haina maana.

Usimchanganye na magonjwa mengine. Mnyauko fuzari, ambao wengi huuita Panama, unatokana na ukungu wa ardhini. Majani ya nje hugeuka njano kwanza na kuning'inia kuzunguka shina kama sketi. Ukilikata shina utaona mistari ya kahawia, lakini hakuna usaha, na ndizi haina madoa ndani. Panama hupenda kanana, kainja na bokoboko, na kwa kawaida huziacha ndizi zetu za kupika za AAA. Mgomba ukianguka na tunguu lake limejaa matundu, hiyo ni kazi ya fukusi.

La kufanya shambani

Hakuna dawa ya kupulizia inayoponya mnyauko bakteria. Kinga na usafi ndivyo vinavyosaidia.

1. Ondoa fumba la kiume mapema. Chana ya mwisho ikishajitokeza, livunje kwa kijiti chenye panda, kwa kulizungusha. Usitumie kisu. Mdudu akikosa fumba, hana sababu ya kuja, na chakula kilichokuwa kikienda kwenye fumba huenda kwenye ndizi.

2. Safisha panga. Lipitishe kwenye moto hadi lipate joto lisiloshikika, au litumbukize kwenye maji ya jiki, sehemu 1 ya jiki kwa sehemu 5 za maji. Fanya hivyo kabla ya kuhamia kitalu kingine. Mchuuzi akija, mpe panga lako lililosafishwa, au ukate mwenyewe.

3. Kata shina linaloumwa tu, mara uonapo dalili. Likate chini kabisa, usawa wa ardhi, kisha safisha panga. Zamani wakulima waliambiwa wang'oe kitalu chote, kazi nzito ambayo wengi waliikata tamaa. Utafiti ulionyesha kwamba bakteria haingii kwenye machipukizi yote ya kitalu kimoja. Ukikata wagonjwa mfululizo, wazima hupata nafasi. Lakini sharti ni moja: uzunguke shambani kila wiki bila kuacha.

4. Mabaki ya mgomba mgonjwa yaache pale pale au uyarundike mahali pamoja. Usiyaburute shambani, usiyatandaze kwenye kahawa, usiwape mifugo.

5. Ikiwa ugonjwa umeshika sehemu kubwa ya shamba, ng'oa yote na upande mahindi, maharage au viazi vitamu kwa angalau miezi 6. Bakteria huyu hadumu sana ardhini asipopata mgomba.

6. Chukua miche kwenye shamba unalolijua, lisilo na mnyauko, au miche iliyozalishwa maabara. Kumenya tunguu na kulichovya kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30 husaidia dhidi ya fukusi na minyoo ya mizizi, lakini hakuondoi mnyauko uliokwisha kuingia ndani.

Je, hakuna mgomba usiougua?

Majaribio yameonyesha kwamba ndizi zote zinazolimwa huugua, ingawa si kwa kasi moja. Zipo zinazojikinga kwa umbo lake. Nakitembe ya Uganda, kwa mfano, haidondoshi maganda ya fumba lake, hivyo mdudu hapati kidonda cha kupitisha bakteria. Ukiikata kwa panga chafu, nayo huugua. Uwezo wa kweli wa kustahimili umeonekana kwenye ndizi za porini zenye mbegu, hasa Musa balbisiana, yule babu wa upande wa B. Kainja na bokoboko zina B ndani yake na bado zinaugua, kwa hiyo damu kidogo ya babu haitoshi.

Kagera imewahi kupokea migomba mipya. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mradi wa maendeleo ya jamii Kagera ulisambaza aina za FHIA kutoka Honduras na Yangambi Km5 ya Kongo. Zililetwa kwa sababu ya fukusi, minyoo, Panama na ugonjwa wa majani uitwao sigatoka. Zilisaidia kwa hayo, na mikungu yake ni mikubwa, lakini hazikuletwa kwa ajili ya mnyauko bakteria na haziuzuii.

Mwaka 2021 taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI, iliidhinishiwa aina zinazoitwa TARIBAN. Hizi zinatokana na kazi ya watafiti wa Uganda na taasisi ya kimataifa ya IITA, waliochavusha kwa mkono ndizi zetu za kupika kwa chavua ya Musa acuminata ya porini. Baadhi ya ndizi zetu, zikichavushwa hivyo, hutoa mbegu chache sana, na kila mbegu ni mtoto mpya mwenye baba na mama. Ndivyo ukoo uliokwama unavyofunguliwa. Ni kazi ya miaka mingi, na kituo cha TARI Maruku karibu na Bukoba ndicho cha kuulizia kwa wakulima wa Kagera. Afisa ugani wa kata yako anaweza kukuunganisha.

Hadi mgomba usiougua ufike kijijini kwako, ulinzi uko mikononi mwa wakulima. Kwa kuwa migomba ni pacha, shamba lako na la jirani ni kama shamba moja. Ukisafisha panga lako peke yako, nyuki wa jirani bado atavuka mpaka. Ukificha ugonjwa kwa aibu, umeupa nafasi.

Jioni kijana akija kuomba mche, "Shikamoo mzee, naomba chipukizi la ile ndizi yako ya kupika," usiishie kumpa. Nenda naye shambani, mtazame kitalu pamoja, mkate shina moja kuukuu na kusubiri kidogo kuona kama usaha unatoka. Pasipotoka kitu na shamba halina dalili, achukue. Ukitoka, umemwokoa yeye na nyumba zote zitakazomwomba yeye kesho.